Célestine na Wimbo Usiopimwa

Kabla Célestine Ngoie hajakuimba mbele ya watu, anakuja kwako na kukuimbia wewe peke yako. Anaweza kukukuta dukani, kwenye kiti cha saluni, au umekaa kwenye ngazi za jengo lenu unakula mahindi ya kuchoma. Anaanza na salamu ndefu, anaulizia watoto wako kwa majina, halafu anatoa gitaa kwenye mfuko wa turubai na kusema, "Bon. Nimekuletea nguo. Ijaribu." Kisha anakuimbia, ubeti kwa ubeti, jinsi ulivyo kichekesho.

Huo ndio utaratibu wake tangu mwaka 2015, na watu wa Yeoville, hapa Johannesburg, wameuzoea kama walivyozoea siku ya kutoa takataka. Célestine ni fundi cherehani. Ana meza yake na cherehani mbili ndani ya duka la kugawana kwenye mtaa wa Raleigh, na anaamini kwamba wimbo wa kumcheka mtu hauna tofauti na suti. Ukiushona bila kupima utambana kwapani, naye atauchana mbele ya watu. Kwa hiyo anapima. Panapobana analegeza, panapopwaya anakaza. Mwenyewe akikataa kabisa, kitambaa kinarudi kabatini.

Niliwahi kumshuhudia akimpima Papa Gaston, ambaye ana flati ya vyumba viwili kule Berea na ameigawa kwa mbao nyepesi hadi inalaza watu kumi na mmoja. Mmoja wao alikuwa analala kwenye kabati la nguo. Célestine alimwimbia hayo yote akiwa amesimama mbele ya mlango wake. Papa Gaston alisikiliza mikono ikiwa kiunoni.

"Weye Mama!" alisema. "Kabati ile iko na dirisha!"

"Dirisha la kuangalia wapi, papa?"

"La kuangalia korido."

"Aksanti sana. Hilo naliongeza."

Papa Gaston akacheka kabla hajajizuia. Aliomba kitu kimoja tu: ubeti wa choo utoke, kwa sababu mama mkwe wake huja kwenye muziki siku za Jumapili. Ulitoka. Jumapili iliyofuata Papa Gaston alikuja amevaa tai, akakaa mstari wa mbele, na wimbo ulipofika kwenye kabati alisimama na kuzunguka polepole ili watu wote wamwone vizuri. Sijui nchi nyingine ambako mwenye nyumba amewahi kushangilia malalamiko ya wapangaji wake.

Alikotoa muziki huo ni hadithi inayosafiri mbali. Célestine alizaliwa Likasi, mji wa shaba kule Katanga. Baba yake alifanya kazi kiwandani na Jumapili alipiga gitaa katika kanisa la Kimethodisti, na mmishenari mmoja wa Kimarekani alipoondoka alimwachia sanduku la kaseti za muziki wa kantri. Baba hakujua Kiingereza. Aliisikiliza sauti tu, akaiga, akamfundisha binti yake. Kufikia umri wa miaka tisa Célestine alikuwa na nyimbo kumi na nne kichwani, na kwa kuwa zote zilikuwa na huzuni na zilitoka kwa mmishenari, alidhani ni tenzi. Aliziimba Shule ya Jumapili amefumba macho. Miaka mingi baadaye, akiwa Johannesburg na Kiingereza chake kimekomaa, ndipo alipogundua kwamba ile aliyoipenda kuliko zote ilihusu mlevi aliyempoteza farasi wake kwenye mchezo wa karata.

"Na watu walikuwa wanalia," aliniambia. "Mama mchungaji alikuwa analia kabisa. Kwa farasi."

Nimesikia kantri kwenye baa za Nakuru, na kwenye redio ya mgahawa mmoja wa Lusaka ambako mpishi alikuwa akiivalia buti. Mara nyingi mwimbaji anaazima kila kitu: lafudhi, vumbi, farasi, hata mke aliyemwacha anaonekana kuwa wa kuazima. Célestine amechukua vitu vitatu tu. Amechukua mwendo wa gitaa unaotembea kama mtu asiye na haraka, fidla inayolia nyuma ya sauti, na kofia pana ya wachunga ng'ombe, ambayo anaishona mwenyewe kwa kitambaa cha jinzi. Farasi, yeye aliwaacha Likasi. Anaimba kwa Kiswahili cha kwao, ambamo ndio husemwa njo, chenye Kifaransa ndani yake na eish ya hapa Johannesburg, na anaimba habari za watu anaokutana nao kwenye roboti wakisubiri taa ya kijani.

Wimbo wa kwanza wa kejeli aliutunga Aprili 2015. Wiki ile wageni walikuwa wakifukuzwa katika baadhi ya mitaa ya jiji, na maduka mengi ya Yeoville yalishusha mabati. Katika jengo alilokaa Célestine, wazee walikumbuka kwamba mwaka 2008 watu walisimamishwa njiani na kuulizwa neno la Kizulu la kiwiko, na asiyejua alipigwa. Basi jengo zima likaanza kujifunza viungo vya mwili. Célestine akatunga wimbo wa mwanamume anayekariri neno la kiwiko asubuhi hadi jioni, mpaka anamwita mkewe kwa neno hilo. Siku anaposimamishwa na kijana mmoja barabarani, anainua mkono na kulipaza kwa nguvu zote. Kumbe kijana alitaka tu kujua ni saa ngapi.

Aliuimba kwenye ngazi. Watu ambao walikuwa hawajacheka kwa siku nane walicheka mpaka mtoto mmoja akaogopa. Mwanamume aliyetungiwa alikuwa jirani yake wa ghorofa ya tatu, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kupimwa.

Bendi ilizaliwa hapo, ikaitwa Ng'ombe wa Mjini. Mamie, msusi kutoka Kolwezi, alipiga ngoma ndogo kwa brashi. Duni, Mtanzania wa Kigoma anayeuza makava ya simu, alipiga besi. Mwanzoni mwa 2016 akaja Balthazar.

Balthazar ni Mrundi wa Rumonge, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alijifunza fidla seminarini, akaacha upadri, akaoa, na vurugu za 2015 zilipoanza kwao alivuka mipaka minne akiwa na fidla mgongoni. Hapa alipata kazi ya ulinzi kwenye nyumba moja ya mlimani, kule Observatory, dakika ishirini kwa miguu kutoka Yeoville. Mke wake Jeanne na watoto wawili walibaki Rumonge, ambako Jeanne anauza mawese sokoni. Mara ya kwanza Balthazar alipopiga pamoja na bendi, Célestine aliacha kuimba katikati ya ubeti akabaki kusikiliza. Alikuwa amepata kitu ambacho hata hakujua kwamba kinakosekana. Maneno yake yalikuwa makali, na fidla ile ilimwonea huruma mtu anayechekwa. Bila Balthazar nyimbo zilikuwa matusi ya kuchekesha. Pamoja naye zilikuwa nyimbo.

Kila Jumapili saa tisa alasiri, kanisa likishatoka, bendi ilipiga kwenye ua ulio nyuma ya mgahawa mmoja wa Kikongo, mpaka saa kumi na mbili ambapo watu walianza kuwahi teksi. Walikuja Wakongo wa Lubumbashi na wa Bukavu, Warundi, Watanzania, Wakenya wachache waliojua maneno ya kantri kuliko sisi wote. Watoto waliozaliwa hapa walikaa ukutani wakitafsiriana kwa Kizulu. Na waliochekwa walikuja pia, wamepiga pasi.

Kosa lilitokea Agosti 2018.

Mamie alikuwa akimsuka mwanamke anayefanya kazi za ndani kule Observatory, na mwanamke huyo akasimulia kichekesho. Kuna mlinzi mmoja, alisema, ambaye matajiri wake wakitoka siku ya Jumamosi anavua sare, anavaa shati jeupe, na kujipiga picha kando ya bwawa la kuogelea. Anazituma kwao. Ameshatuma vyumba vyote saba. Ametuma hata mbwa, yule mweusi mzima na yule mwingine kiwete. Kwao wanaamini nyumba ni yake. Jina lake mwanamke hakulijua. Walinzi kule ni wengi, na wote kwake walikuwa "yule wa geti".

Mamie alimpelekea Célestine hadithi hiyo ikiwa bado ya moto, na Célestine akaitungia wimbo kwa siku mbili. Hakumpima mtu kwa sababu hapakuwa na mtu wa kupima. Ilikuwa, kama anavyosema mwenyewe, nguo ya dukani, ya kila mtu. Nani miongoni mwetu hajawahi kupiga picha mbele ya gari la jirani?

Jumapili aliyouimba, Balthazar alikuwa zamu. Duni alijaza nafasi ya fidla kwa kupiga mluzi.

Nyumba yangu, mke wangu, ina vyumba saba,
nyasi zinakatwa kila Jumanne,
mbwa wangu kiwete anakula nyama,
mwenye nyumba nala mkate, vipande vinne.

Na kiitikio ndicho kilichowaangusha watu:

Ukija, mke wangu, usibishe hodi,
nitakufungulia mimi, ndiyo kazi yangu.

Waliurudia mara tano. Nusu ya ua walikuwa wameinua simu wakirekodi, na kufikia Jumatano wimbo ulikuwa umevuka Ziwa Tanganyika na kurudi.

Alhamisi asubuhi Balthazar alisimama mlangoni mwa duka, bado na sare ya usiku.

"Mama Célestine," alisema. "Nani alikupa mbwa?"

"Mbwa gani, ndugu yangu?"

"Mbwa kiwete."

Célestine aliweka mkasi mezani. Alimtazama usoni, akatazama sare, na hapo hapo, anasema, aliona geti lote nyuma ya mgongo wake.

"Ni weye?"

"Picha ya mbwa yule imo kwenye simu za shemeji zangu wote. Wimbo umefika Rumonge jana. Hawakuhitaji jina."

"Balthazar, sikujua. Mungu ananiona. Niliambiwa habari za mtu asiye na jina."

"Analo. Sasa soko zima wanalo."

Mamie, aliyekuwa ameleta chai, alirudi nyuma hadi kwenye vitenge.

"Gaston anayelaza watu kabatini ulimpima mara mbili," Balthazar aliendelea, bado kwa sauti ile ile ya chini. "Pasta anayeuza maji ya baraka ulimpima. Mimi niliyekaa kando yako miaka miwili na nusu umenivalisha nikiwa sipo." Alitoa kwenye begi kofia ya jinzi aliyoshonewa na Célestine, akaikunja vizuri kama mtu anayerudisha shuka la kuazima, akaiweka juu ya cherehani na kuondoka.

Jumapili iliyofuata ua ulijaa kuliko siku zote. Wote walikuja kwa ajili ya wimbo ule. "Geti! Geti!" walipiga kelele. Célestine alikataa. Aliimba zile nyimbo za kaseti za baba yake, za treni na mvua na ng'ombe.

"Tantine, ng'ombe wa nini?" mtu mmoja alipaza sauti kutoka nyuma. "Hapa Yeoville ng'ombe tunamjua wa buchani tu!"

Watu walicheka, lakini si kicheko walichokijia. Jumapili ya pili walipungua, ya tatu viti vilibaki vimepangana ukutani. Célestine hakujali viti. Alinitazama siku moja, mdomoni ameshika pini tatu, akazitoa moja moja kabla ya kusema alichotaka kusema.

"Watu wananiacha niwacheke kwa sababu wanajua napima. Hiyo njo ruhusa yangu, sina ingine. Kama Balthazar hakurudi, ni kwamba ruhusa imekwisha. Nitashona sketi."

Hakuwa anatia chumvi. Alikuwa ameshauliza bei za cherehani ya tatu.

Mamie ndiye aliyemvuruga. Mamie ana miaka thelathini, mdomo wake hauna breki, na alijiona ana sehemu yake katika kosa lile kwa sababu hadithi ilipitia kiti chake.

"Yaya, unakaa kama mjane," alimwambia, kwani kwao yaya ni dada mkubwa. "Nenda umpime."

"Wimbo umeshavaliwa, Mamie. Dunia nzima imeuvaa."

"Na suti ya yule shemasi wa Berea iliyopasuka matakoni kwenye harusi? Uliikimbia? Si ulikwenda na sindano mpaka ukumbini, ukapiga magoti nyuma yake wakati wa sala?"

"Ile ilikuwa suti."

"Ee, na weye njo husema ni kitu kimoja."

Célestine alikwenda Jumanne alasiri, na hakuwa amefikiria kwamba ndiyo siku ya kukata nyasi. Alipofika kwenye geti, mashine ya kukata nyasi ilikuwa ikinguruma ndani. Mbwa mweusi alibweka. Yule mwingine alikuja akichechemea, akamnusa viatu kupitia vyuma, akajilaza. Balthazar alitoka kwenye kibanda chake. Hakufungua.

"Nimekuja kukupima," Célestine alisema.

"Umechelewa."

"Najua."

Balthazar alitazama mfuko wa gitaa. "Basi imba."

"Hapa?"

"Umeimba habari za hapa. Imba hapa."

Célestine akageuza kreti la soda lililokuwa kando ya ukuta, akakaa, akatoa gitaa, na akauimba wimbo wote, akipiga kelele kidogo ili ashinde mashine. Mwanamke aliyekuwa akipita na kigari cha mtoto aliongeza mwendo. Célestine alipofika kwenye kiitikio cha mwisho mashine ilizimika ghafla, na sauti yake ikabaki peke yake barabarani: ndiyo kazi yangu.

Balthazar alikuwa ameshika vyuma viwili vya geti.

"Mkate ni vipande sita," alisema.

"Nitarekebisha."

"Na nyasi ni kweli, umesikia mwenyewe." Alikuwa karibu kutabasamu, kisha akaacha. "Lakini hupimi mtu sahihi, Mama Célestine. Mimi siku zote nilijua nyumba si yangu. Hata nikijipiga picha nilijua. Jeanne hakujua. Wimbo huu ameuvaa yeye. Mimi nimekaa huku nyuma ya ukuta, yeye anaimbiwa kila akifungua chupa ya mawese."

"Umeongea naye?"

"Nampigia, anampa simu mtoto."

Célestine anasema kwamba katika miaka yake yote ya kushona hakuwahi kukosea kipimo namna ile. Alikuwa amekuja kumwomba msamaha mtu aliyedanganya, na hakuwa amemfikiria hata mara moja mtu aliyedanganywa. Aliomba namba. Balthazar akaiandika nyuma ya karatasi ya kusainisha wageni, akaipitisha kati ya vyuma.

"Akikwambia uache kuimba, utaacha?"

"Nitaacha."

"Haya."

Alimpigia Jumamosi saa za soko kufunga. Mamie alikuwepo, na amenisimulia mazungumzo hayo mara nyingi kiasi kwamba anaweza kutoa sauti zote mbili. Sauti ya Jeanne ilikuwa nyepesi, ya mtu aliyezoea kupatana bei.

"Ni nani mwenzangu?"

"Ni Célestine, wa Johannesburg. Yule wa wimbo."

Ng'ambo mtu alikuwa akipigilia msumari.

"Sasa unataka nini, mama? Kuna ubeti umebaki?"

"Nataka nikuimbie. Uniambie panapobana."

"Nimeimbiwa na wauza dagaa. Nimeimbiwa na watoto wa shule. Shemasi wetu ameuimba mluzi, akaniona, akajifanya anakohoa. Na wewe ndiyo unakuja leo?"

"Nimechelewa sana, mama. Ukisema nisiimbe tena, siimbi tena. Wimbo huu wala mwingine."

"Mimi nitakukatazaje wewe kuimba? Nina mkono mrefu hivyo? Haya, imba. Ila polepole. Hawa wa huku wanauimba mbio."

Célestine akaimba polepole, bila gitaa, simu ikiwa juu ya meza ya kukatia. Mamie anasema ulikuwa wimbo mwingine kabisa. Ulipokwisha, Jeanne alishusha pumzi.

"Wimbo mzuri," alisema, kama mtu anayekiri bei ya mwenzake ni halali. "Unachekesha. Mume wangu nimemwona humo, na viatu vyake nimeviona. Lakini mimi niko wapi? Humo ndani mnaniita mke wangu, mke wangu, kama mnaita kiti. Anayeambiwa uongo hana mdomo? Unajua nilifanya nini na zile picha?"

"Sijui, mama."

"Basi nitakutumia."

Siku kumi na moja zilipita. Célestine hakugusa gitaa. Alimaliza sare za kwaya mbili na gauni la harusi, akang'oa mshono wa gauni hilo na kuushona upya bila sababu. Siku ya kumi na mbili simu yake ililia: ujumbe wa sauti kutoka Rumonge, na maandishi mafupi chini yake. Uchezeni hivi hivi, msibadilishe neno. Na fidla apige mume wangu. Asipopiga watasema amejificha, na mimi nimechoka kuwa mke wa mtu aliyejificha.

Célestine alimtumia Balthazar ujumbe ule bila kuongeza hata salamu.

Jumapili nilikuwa uani. Nilikuwa nimerudi kutoka Maputo siku mbili kabla, na nilifika mapema nikamkuta Duni akipanga viti kwa tahadhari, kama vile wingi wake ungeonyesha kiburi. Watu walikuwa arobaini hivi. Saa tisa na robo Balthazar aliingia kwa mlango wa jikoni, fidla mkononi, bila kofia. Alimpa Mamie mkono, akampa Duni mkono. Célestine hakumpa. Alikwenda kusimama upande wa kushoto, mahali pake pa zamani, akiangalia ukuta.

Célestine alisogea mbele. Hakufanya utani.

"Mwezi wa nane niliwaimbia wimbo ambao sikuupima," alisema. "Mmeucheka, mmeutuma kila mahali. Mimi njo nilikosea, siyo ninyi. Leo mwenye wimbo ameuleta mwenyewe. Anaitwa Jeanne."

Kulikuwa na shida moja. Jeanne alikuwa ameimba kwenye ujumbe ule kwa sauti aliyojaliwa, na sauti hiyo ilikuwa kati ya noti mbili za gitaa, chini kidogo ya ile ambayo bendi imeizoea. Simu haiwezi kukazwa nyuzi. Célestine alijaribu kusogeza kibano cha kupandisha sauti ya gitaa, akatikisa kichwa, akaacha. Duni aliinua mikono kutoka kwenye besi. Basi Balthazar akaweka sikio karibu na simu, akasikiliza sekunde chache za mwanzo, na kuanza kulegeza nyuzi zake nne, moja baada ya nyingine, akimtafuta mke wake. Ilichukua muda. Mtoto mmoja ukutani aliuliza kitu kwa Kizulu, akanyamazishwa.

Alipoinua upinde, Célestine aliishika simu mbele ya kipaza sauti kwa mikono miwili. Makofi ya wanawake wa sokoni yalisikika kwanza, kisha sauti:

Nilishonesha mapazia ya vyumba saba,
ya buluu, yenye marinda hadi chini.
Kwetu Rumonge tuna vyumba viwili:
kuku wamepata pazia bandani.

Ua ulipasuka. Mwanamke mmoja aliyekaa mbele yangu alijipiga paja na kusema, "Kuku, Yesu wangu!" Papa Gaston alikuwa anafuta macho kwa ncha ya tai. Na chini ya kicheko chote hicho fidla ilikuwa inatembea nyuma ya sauti ya Jeanne, hatua moja nyuma, ikimngoja anapovuta pumzi, ikimshika anapomaliza mstari. Sijawahi kumsikia Balthazar akipiga kwa tahadhari namna ile. Wanawake wa Rumonge walipiga makofi tena, na Jeanne akaimba kiitikio chake:

Ukirudi, mume wangu, usibishe hodi,
mlango wetu hauna mlinzi.

Kisha ikasikika sauti yake ya kawaida ikimwambia mtu aliyekuwa karibu naye, "Haya, imetosha, zima," na ujumbe ukakatika.

Watu walisimama. Walipiga meza, walipiga viti, walitaka urudiwe. Célestine alibaki ameshika simu kifuani, hajui kama ana haki ya kuinama. Balthazar aliushusha upinde. Alimgeukia, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya geti akaongea naye.

"Rudia," alisema. "Nilichelewa kuingia."